Banda la Nguruwe la Bi Pummery

Hebu niambie, wewe unayesikiliza: umewahi kuona nguruwe aliyeliwa zamani akapewa heshima kumshinda mtu aliye hai, na mtu huyo huyo ndiye anayewakatia keki wageni wanaokuja kumheshimu nguruwe? Kama hujaona, basi hujafika Much Yarrow, kijiji kimoja cha Uingereza.

Bi Hester Pummery alizaliwa Much Yarrow, akaolewa Much Yarrow, na mumewe Wilf amelala pale nyuma ya kanisa, upande unaopata jua la asubuhi. Nyumba yake ni ya matofali mekundu, vyumba viwili chini na viwili juu, nyumba kama nyumba, wala hakuna mtu aliyewahi kusimama barabarani kuitazama. Lakini kule nyuma, limeegemea ukuta wa jikoni kama mlevi aliyemwegemea rafiki yake, palikuwa na banda la nguruwe. Banda la mawe. Paa lake la vigae vya mawe vizito vilivyoota kuvu, mlango wake mfupi wa kukufanya uiname kama unayeomba msamaha, na ndani hori refu la jiwe lililochongwa kwa mkono. Nguruwe wa mwisho kulala humo aliitwa Duchess, na aliliwa Krismasi moja Lorraine, binti wa Bi Hester, akiwa bado ananyonya. Tangu hapo banda likabaki na vyungu vilivyopasuka, baiskeli ya marehemu Wilf, na buibui wanene wasio na wasiwasi wa maisha.

Sasa, choo cha nyumba ile kilikuwa juu. Ngazi zenyewe nyembamba, zimesimama wima, na katikati zina kona ambapo mguu unatafuta pa kukanyaga haupati. Miaka yote hiyo halikuwa jambo. Lakini ukaja mwezi wa pili wenye barafu, Bi Hester akateleza kwenye ile kona, akashuka ngazi zilizobaki kwa makalio, akavunjika nyonga. Alilazwa hospitali ya Hereford mpaka maua ya manjano ya masika yakachanua kando ya barabara. Alipotoka, binti yake Lorraine akaja kutoka Swindon, akamsimamia, mikono kiunoni.

"Mama, daktari kasema ngazi basi. Ama upate choo chini kabla ya baridi, ama unahama hapa."

"Nihamie wapi, mwanangu?"

"Kuna nyumba ya wazee nzuri karibu na kwetu. Wana samaki kwenye tangi la kioo, na Alhamisi anakuja mtu kuwapigia kinanda."

"Loo, vizuri," akasema Bi Hester, na moyo wake ukaanguka chini kama sahani.

Na hapo ndipo penye ugonjwa wenyewe. Bi Hester alilelewa akijua kwamba mtu mwenye adabu hasemi anachotaka. Ukiulizwa kama unataka chai, unajibu, usijisumbue. Ukiulizwa tena, unasema, labda kama unajipikia mwenyewe. Mara ya tatu ndipo unasema haya, kidogo tu. Na hata hapo ukiletewa yenye sukari nawe hutumii sukari, unainywa yote mpaka machicha, unasema asante, ilikuwa tamu. Much Yarrow nzima ilikuwa hivyo. Kuna mzee pale alikanyagwa mguu na trekta, akamwomba radhi dereva kwa kuweka mguu mahali pasipofaa.

Basi Bi Hester akahamishia kitanda chini sebuleni, lakini choo ni choo, hakihamishwi kama kitanda. Alipanda asubuhi kwa kukaa, ngazi moja moja, akijivuta kinyumenyume kama kaa, na jioni vile vile. Katikati ya hapo alijibana. Aliacha chai ya saa nne. Aliacha chai ya alasiri. Wewe ukimwona mwanamke wa Much Yarrow ameacha chai, jua msiba umeingia nyumbani.

Hata hivyo kwa siri alimwita fundi, Ned Bufton, ambaye baba yake alijenga nusu ya kuta za kijiji na babu yake alibomoa nusu nyingine. Ned akazunguka kule nyuma na utepe wake wa kupimia, akagonga mawe, akachungulia.

"Rahisi, Bi Pummery. Banda tunaliangusha, chumba kinasimama papo hapo. Tunatoboa mlango kutoka jikoni. Choo, beseni, na chuma cha kushikia. Kabla majani hayajapukutika, uko humo ndani unasoma gazeti."

Bi Hester akaona haya mpaka masikio, lakini kwa ndani alicheka.

Kosa la Ned lilikuwa moja: alipima kwa sauti. Na nyuma ya ua wa miti, akipita na mbwa wake, alikuwa Bwana Lionel Fairbrass.

Bwana Fairbrass alikuwa daktari wa meno London, akastaafu, akanunua ghala la nafaka la mzee mmoja aliyefilisika, akaligeuza nyumba yenye ukuta wa kioo na sakafu inayopashwa moto kutoka chini. Alikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Urithi ya Parokia, na kamati ilikuwa ni yeye, mkewe ambaye hakuwa akihudhuria, na Mchungaji Philippa, ambaye alihudhuria kwa kuwa mkutano ulikuwa na keki. Hakuna mtu aliyependa vya kale kama Bwana Fairbrass. Aliangalia ukuta wa zamani kama alivyoangalia kinywa: kwanza anakunja uso, kisha anatikisa kichwa, kisha anaingiza kidole tunduni.

Kwa juhudi zake Much Yarrow ilikuwa na majengo mengi yanayolindwa na sheria. Kuna pampu ya kisima isiyotoa maji, imezungushiwa uzio ili mtu asije akaitumia. Kuna kibanda chekundu cha simu kisicho na simu. Kuna jiwe la maili linaloonyesha umbali wa kwenda mjini kwa njia ambayo ilishalimwa viazi. Kuna kaburi la mtu mashuhuri ambaye jina lake limefutwa na mvua, kwa hiyo hajulikani, lakini umashuhuri wake haugusiki. Na kuna kanisa lenyewe, zuri, refu, linalovuja. Paa halikuweza kuzibwa kwa sababu ndani mnaishi popo, na popo nao wanalindwa. Waumini walisali na miavuli, nusu kwa ajili ya mvua na nusu kwa ajili ya popo.

Yote haya hayakumtosha Bwana Fairbrass, kwani parokia jirani ya Little Yarrow, ambayo hata jina lake linakwambia ni ndogo, ilikuwa imepata ulinzi kwa birika la kunyweshea farasi, na sasa ilikuwa imewapita kwa kitu kimoja. Mwenyekiti wa kule alimtumia kadi ya pongezi za Pasaka yenye picha ya birika. Bwana Fairbrass hakulala vizuri tena.

Kesho yake alibisha hodi kwa Bi Hester, kofia mkononi.

"Bi Pummery, samahani sana kukusumbua."

"Hunisumbui hata kidogo, Bwana Fairbrass," akasema Bi Hester, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anajipanga kupanda ngazi. "Ingia. Utakunywa chai?"

"Usijisumbue."

"Nilikuwa najipikia mwenyewe."

"Basi kidogo tu."

Akakatiwa keki ya limau. Akala. Akafuta vidole. Akavuta pumzi kama mtu anayetaka kukwambia jino halitoki kwa sindano moja.

"Nilipita jana, nikamwona yule Bufton. Nikasema moyoni, haiwezekani. Bi Pummery, mwanamke wa hapa, damu ya hapa, hawezi kuwa anafikiria kuvunja lile banda. Lile ni lulu! Halipo jingine kama lile kata nzima. Niambie nimekosea."

Hapo ndipo alipopaswa kusema. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini mtu amekaa kwenye kiti cha Wilf, ana vumbi la keki yako kwenye masharubu, na amekuuliza kwa namna ambayo jibu amelileta mwenyewe. Utamwambia hapana? Utamwambia nataka, tena utaje choo, kwa mwanamume, na kijiko kiko kwenye sukari?

"Loo, jamani, hapana," akasema Bi Hester. "Ned alikuwa anatazama tu."

"Nilijua!" Bwana Fairbrass akashika mkono wake kwa mikono yote miwili. "Kwa hiyo hutakuwa na pingamizi tukiliombea ulinzi?"

"Mimi sina neno," akasema Bi Hester.

Kisha Bwana Fairbrass akainuka, akauliza kwa sauti ya chini kama angeweza kunawa mikono, maana choo hakitajwi, akapanda zile ngazi mbili mbili kama mbuzi. Aliposhuka alikuwa anatabasamu.

"Ngazi zako zina ukali wake. Zina historia!"

Mavis Tolley, jirani wa ng'ambo ya barabara, alipopata habari alikuja na aproni bado kiunoni. Mavis ndiye aliyekuwa akimsafishia Bwana Fairbrass nyumba, na ulimi wake ulikuwa wa kukatia ua wa miiba.

"Umesema nini? Hester! Umesema huna neno?"

"Alikuwa anakula keki, Mavis."

"Hata mwizi angekula keki! Bibi wee, mimi nasugua kwake. Wana vyoo vinne mle ndani. Vinne! Yeye na mkewe, na mke mwenyewe yuko London siku zote. Anaweza kuhamahama humo kama mchungaji wa ng'ombe. Wewe una kimoja, kiko juu mbinguni, na unamwambia huna neno?"

"Sikutaka kumkwaza."

"Utakwenda kuwatazama samaki kwenye kioo kwa sababu hukutaka kumkwaza."

"Nitamwambia. Nikipata nafasi nzuri."

"Nafasi nzuri! Mficha uchi hazai, mama. Na wewe unaficha hata choo."

Nafasi nzuri, kwa maoni ya Bi Hester, ilikuwa mkutano wa parokia wa mwezi wa tano, kwa kuwa pale kuna kipengele cha mengineyo, na mtu anaweza kusema jambo lake bila kuonekana kalisema. Alijiandaa wiki nzima. Alivaa sweta la bluu. Hakunywa kitu tangu asubuhi. Kipengele kilipofika akasimama, akashika kiti cha mbele yake.

"Ni kuhusu lile banda," akasema. "Nilikuwa nawaza tu, kama si usumbufu kwa mtu yeyote... nafasi yenyewe pale nyuma. Maana ngazi zangu, unajua, kwa umri wangu, ngazi zile..."

"Ngazi!" Mchungaji Philippa akainua uso kutoka kwenye keki ya karoti. Alikuwa na makanisa sita na gari moja bovu, kwa hiyo mambo yote aliyasikia nusu. "Ngazi nazo ni za kale?"

"Nimezipanda," akasema Bwana Fairbrass. "Ni mwaloni. Mnyoofu. Bi Pummery, unataka na ngazi zilindwe? Ee, ukarimu wa mama huyu!"

Ukumbi ukapiga makofi. Mzee wa trekta alisimama kabisa. Bi Hester akasema asanteni sana, akaketi. Mavis kwenye kiti cha nyuma aliweka uso ndani ya mkoba wake wa mkononi akapiga kwikwi, na ukimwona usingejua kama analia au anacheka. Alikuwa anatukana.

Ned Bufton naye akaja nyumbani siku ya pili, kofia anaizungusha mkononi.

"Bi Pummery, Bwana Fairbrass kaniambia nikigusa hata kokoto, nafungwa. Ni kweli?"

"Sijui, Ned. Labda usubiri kidogo."

"Mimi nasubiri. Baridi haisubiri."

Majira ya joto yakaingia, na habari za banda zikatembea. Gazeti la wilaya likaleta mpiga picha, akamsimamisha Bi Hester kando ya mlango wa banda na kumwomba ainame kidogo ili mlango uonekane mkubwa. Wakaja wanachama wa chama cha mawe. Wakaja mume na mke waliotembelea mabanda ya nguruwe tu, nchi nzima, na walikuwa hawasemezani. Akaja mchoraji wa rangi za maji. Kila aliyekuja alikaribishwa chai, maana mtu akiwa uani kwako huwezi kumwacha bila chai, na kila aliyekunywa chai, baada ya muda, aliinamisha kichwa upande akauliza lile swali kwa sauti ya chini. Wakapanda. Wakashuka. Bi Hester akawa anajua mlio wa kila ubao wa ngazi zake kwa miguu ya watu wengine, naye mwenyewe hakupanda ila mara mbili kwa siku, akijivuta, akihema, akipumzika kwenye ile kona na kuwaza habari za samaki.

Lorraine alipiga simu kila Jumapili.

"Fundi ameanza?"

"Kuna mambo ya matayarisho, mwanangu."

"Mama, nimeandikisha jina lako kule. Mwezi wa kumi chumba kitakuwa wazi. Kina dirisha."

"Loo, dirisha," akasema Bi Hester. "Vizuri."

Akaweka simu chini, akaangalia jikoni kwake. Lile dirisha lake mwenyewe, lenye ufa aliouziba Wilf. Kile kiti. Ule msumari wa kutundikia aproni ya mama yake, na aproni ya mama wa mama yake kabla ya hapo. Alizaliwa kwenye chumba kilicho juu ya kichwa chake. Hakuwa ameomba makubwa duniani. Alitaka tu kubaki pale alipo, na ili abaki pale alipo alihitaji kitu ambacho kila baa ya kijiji inacho.

Mwezi wa nane kamati ikafanya Sikukuu ya Banda. Wakapiga hema kwenye bustani yake, juu ya maharage. Kukawa na skonzi na jamu, bahati nasibu, shindano la mung'unye mrefu, na mtoto wa shule aliyevalishwa kama nguruwe akalia kwa joto. Hata watu wa Little Yarrow walikuja, wamenuna, wakipita huku na huku wakitafuta kasoro. Mwenyekiti wao aliinama mlangoni, akachungulia, akasema, "Ni dogo," na Bwana Fairbrass akajibu, "Kama birika," na hilo kwa Much Yarrow lilikuwa ni sawa na ngumi.

Alasiri mvua ikanyesha, kama desturi. Watu wote wakaingia jikoni. Na watu wote walikuwa wamekunywa chai tangu adhuhuri. Foleni ikaanza chini ya ngazi, ikapita sebuleni kando ya kitanda cha Bi Hester, ikatoka mlango wa mbele. Ilikuwa foleni nzuri, yenye adabu, kila mtu akimwambia mwenzake tangulia wewe, hapana, wewe. Bi Hester, mwenye nyumba, alisimama mwisho wa foleni ya choo chake mwenyewe, amevaa sweta la bluu, nusu mwili ndani na nusu mvuani. Mtu mmoja akageuka, mgeni kabisa, akamwambia kwa upole, "Ukitaka kwenda haraka, bibi, nasikia wana kingine kwenye baa."

Mavis alimwona kutoka dirishani kwake. Alivuka barabara na mwavuli, akamshika mkono bila neno, akamvusha, akamwingiza kwake, mlango wa kwanza kushoto, chini, hatua chache. Akamngoja nje ya mlango.

"Hester," akasema kupitia mlangoni. "Safari ijayo sitakuja."

"Nini?"

"Sitakuja. Nitakuacha ulowe. Nakupenda kama dada yangu lakini nimechoka kukushika mkono. Huna ugonjwa wa nyonga wewe. Una ugonjwa wa 'sina neno'."

 Bi Hester alikaa mle ndani muda mrefu kuliko alivyohitaji. Palikuwa na joto, palikuwa na rafu yenye sabuni ya maua ya lavenda, na miguu yake yote miwili ilikuwa sakafuni. Akajikuta machozi yanamtoka, si kwa huzuni hasa; ni kama pale unapoingia kwenye nyumba ya mtu ukakuta chakula unachokipenda kimeshapikwa, na si chako.

Mkaguzi alikuja mwezi wa tisa. Aliitwa Bi Rowena Skeat, mwanamke mfupi mwenye viatu vya matope na tochi, ametumwa na ofisi ya majengo ya kale. Bwana Fairbrass alikuwa amevaa tai. Mchungaji Philippa alifika akiwa bado na joho, kwani alitoka kwenye mazishi akaelekea kwenye ubatizo. Mavis alikuja kwa sababu hakuna aliyeweza kumzuia, na Ned Bufton alisimama langoni akijifanya anatazama bawaba. Bi Hester alitoa keki ya tufaha.

"Nitakula baadaye," akasema Bi Skeat, na watu wote wakashtuka kidogo, kwani alikuwa amesema anachotaka mara ya kwanza tu.

Akapiga magoti mbele ya ule mlango mfupi, akaingia kichwa kwanza, viatu vya matope vikabaki nje. Alikaa humo. Ilisikika sauti yake ikisema "Aa!" na baadaye kidogo "Aaa!" Bwana Fairbrass alishika tai yake. Bi Skeat akatoka na utando wa buibui nywelini na macho yanang'aa.

"Mmeiona ile njia ya chakula? Tundu linatoka jikoni, limepita ndani ya ukuta, linateremka mpaka kwenye hori. Mama wa nyumba alikuwa anammwagia nguruwe makombo bila kutoka nje kwenye mvua. Sijapata kuona lililo zima hivi. Na paa la asili. Hili nitalipendekeza lilindwe, bila shaka."

Bwana Fairbrass alifumba macho. Mchungaji alisema amina kwa mazoea. Ned, kule langoni, aliitazama nyonga ya Bi Hester, akatazama chini. Bi Hester alisikia lile neno, lilindwe, likimwingia baridi kama maji kwenye kiatu. Basi. Limekwisha. Aliona tangi la kioo, na samaki mmoja wa rangi ya chungwa anafungua mdomo, anafumba, anafungua, hasemi kitu.

"Ila," Bi Skeat akaendelea, akipangusa magoti, "mniambie mtalitumia kwa kazi gani."

Mchungaji akamtazama Bwana Fairbrass.

"Kulitumia?" Bwana Fairbrass akasema. "Litalindwa! Tutaweka kamba, na kibao cha maelezo. Mtu asiguse."

"Bwana, jengo lisilo na kazi huanguka. Nimeona mengi. Mnalifungia kama bibi harusi, baada ya miaka kumi paa limeingia ndani. Kulinda maana yake si kuligandisha. Mnaweza kuliwekea dirisha, mnaweza kulitengeneza ndani, mnaweza kutoboa mlango kwa ruhusa yetu, mradi mawe na paa na ile njia ya chakula vibaki. Mimi napenda likiishi. Sasa liishi kwa kazi gani?"

Loo! Ungewasikia. Bwana Fairbrass akasema makumbusho ya nguruwe, madogo, ya heshima. Mchungaji Philippa akasema mahali pa kutulia na kutafakari, kwani yeye mwenyewe hajatulia tangu apewe kanisa la sita. Bwana Fairbrass akasema basi makumbusho yenye kona ya kutafakari. Mchungaji akasema au duka dogo la jamu. Bwana Fairbrass akasema jamu huleta nyigu, na nyigu hawana heshima kwa mawe. Walibishana kwa upole sana, kila mmoja akisema sikubaliani hata kidogo kwa kusema wazo zuri sana.

Bi Skeat akawaacha, akamgeukia mwenye nyumba.

"Na wewe, Bi Pummery? Ni la kwako. Ungetaka nini?"

"Bi Pummery hana neno," akasema Bwana Fairbrass. "Amekuwa mkarimu tangu mwanzo."

"Sikukuuliza wewe," akasema Bi Skeat, na Mavis akatoa sauti kama birika linaloanza kuchemka.

Bi Hester alifungua mdomo. "Loo, mimi," akaanza, kwa sauti ile ile ya siku zote, "mimi kwa kweli, chochote ambacho nyinyi mtaona..."

Akasimama hapo. Mavis hakumshika mkono. Mavis alikuwa ameangalia pembeni makusudi, mikono ameikunja kifuani, midomo ameibana. Hakuna aliyemsaidia. Upepo ulipita kwenye miti ya tufaha, matunda mawili matatu yakadondoka majanini. Bwana Fairbrass alishaanza kuinamisha kichwa kwa shukrani, tayari kumpokea hilo "chochote" na kwenda nalo. Bi Hester alimtazama na kile kipande cha keki yake mkononi, na kwa mara ya kwanza akaona kwamba mtu huyu hatakwazika hata afanyweje, kwa kuwa hajawahi kusikiliza kiasi cha kukwazika.

Akauweka sawasawa mkongojo aliotoka nao Hereford. Uso wake ulikuwa mwekundu mpaka shingoni.

"Nataka choo," akasema.

Mchungaji akadhani amesikia nusu. "Unataka...?"

"Choo, Mchungaji. Hapo hapo alipokuwa analala Duchess. Nataka mlango utoke jikoni kwangu, na chuma cha kushikia, na nakitaka kabla ya mwezi wa kumi. Nataka niingie kwa miguu yangu mwenyewe, nifunge mlango, nikae."

Bi Skeat akaitikia kwa kichwa, na kule langoni Ned Bufton akautoa utepe wake wa kupimia.